Bunduki Isikose Mwenyewe

Nikisema nasafiri kwenda kushindana kulenga shabaha, swali la kwanza huwa ni lile lile: bunduki unaipitishaje uwanja wa ndege? Siwalaumu wanaouliza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, silaha mikononi mwa raia ni habari ya kunong'onezwa, na mtu aliyebeba sanduku refu jeusi hufikiriwa mengi kabla hajafungua mdomo. Nimeamua kusimulia safari ya timu yetu kwenda Bisley hatua kwa hatua, kwa sababu katika klabu zetu wapo vijana wenye jicho kali na mkono uliotulia ambao huishia kwenye mashindano ya nyumbani tu. Wanaamini kwamba kuvusha bunduki mpaka ni kazi ya wanajeshi na matajiri. Mimi si mwanajeshi wala si tajiri, na bunduki yangu imekwenda na kurudi.

Bisley ni kijiji cha Surrey, kusini-magharibi mwa London. Chama cha bunduki cha Uingereza, ambacho hakina uhusiano na kile cha Marekani chenye herufi zile zile za NRA, kilihamia hapo mwaka 1890 kutoka Wimbledon, na kila Julai huandaa mashindano yanayowakusanya walenga shabaha wa Jumuiya ya Madola. Michezo ya Jumuiya ilipofanyika Manchester mwaka 2002, shabaha ilipigwa Bisley. Kisha mchezo wetu ukaachwa nje ya michezo ya Birmingham mwaka 2022. Tangu hapo Bisley imekuwa na uzito zaidi kwetu, kwa kuwa ndipo mlenga shabaha wa Nairobi anapoweza kulala mstari mmoja na wa Kanada, Australia au Jersey na kupimwa kwa karatasi moja.

Bunduki ninayosafiri nayo ni ya michezo na haifai kwa kazi nyingine. Hupokea risasi moja kwa wakati, ya milimita 7.62, haina magazini wala darubini juu yake. Unalenga kwa kuchungulia kitundu kidogo cha nyuma na kukioanisha na duara la mbele. Mtutu ni mrefu na mzito, na kitako kimejaa skrubu za kukirefusha au kukifupisha kulingana na bega la mwenyewe. Lakini sheria za safari haziangalii nia. Mbele ya afisa wa forodha hiyo ni silaha kama silaha nyingine, na ni haki yake kuiona hivyo.

Makaratasi tuliyaanza kabla mvua za masika hazijakatika. Uingereza humtaka mgeni awe na kibali cha polisi cha kuingia na bunduki, na kibali hicho mgeni hawezi kujiombea. Lazima awe na mdhamini aliye huko huko. Klabu iliyotukaribisha ilipeleka maombi kwa polisi wa eneo lake, ikitaja kila mmoja wetu, kila bunduki, kipenyo chake na nambari iliyochongwa kwenye chuma, pamoja na tarehe na sababu ya safari. Wapo wanaoona huo ni usumbufu wa Wazungu. Mimi nakumbuka Dunblane. Machi 1996, mtu mmoja mwenye bastola alizokuwa na leseni nazo aliingia shule ya msingi katika mji huo wa Scotland akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapiga marufuku bastola karibu zote mikononi mwa raia. Nchi iliyozika watoto wa darasa la kwanza ina haki ya kuniuliza nambari ya bunduki yangu mara nyingi inavyotaka.

Upande wa Kenya, cheti cha kumiliki silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinakuruhusu kuwa nayo, hakikuruhusu kuitoa nje ya nchi. Kwa hilo unahitaji kibali kingine, na sisi tulikifuata kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Hapo tulieleza safari nzima: tunakwenda wapi, nani ametualika, tunarudi lini, bunduki italala wapi usiku. Swali hilo la mwisho ndilo lililomfanya mzee wetu, nahodha wa timu na mwanajeshi mstaafu, atukalishe chini jioni moja baada ya mazoezi.

"Binti yangu," aliniambia, na wenzangu wakisikiliza, "haya makaratasi yote yanauliza jambo moja tu. Bunduki hii, saa hii, iko kwa nani? Bunduki isikose mwenyewe hata dakika moja. Kila inapopita, pawe na jina la mtu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifungulia maana ya safari nzima. Kuanzia siku hiyo niliacha kuziona fomu kama vizuizi vilivyotapakaa njiani, nikaanza kuziona kama mnyororo. Mimi namkabidhi fulani, fulani anamkabidhi fulani, hadi inaporudi mkononi mwangu. Kila pete ya mnyororo ni sahihi ya mtu.

Ndivyo tulivyochagua hata njia ya kwenda. Tiketi ya kupitia mji wa tatu ilikuwa nafuu, na mmoja wetu aliitaka. Lakini kila nchi unayotua ina sheria yake, hata kama mguu wako hautoki ndani ya jengo. Uholanzi, kwa mfano, hutaka idhini ya forodha yake kwa silaha inayopita tu Schiphol kwenda kwingine. Yapo mashirika ya ndege yanayobeba bunduki kwa taarifa ya mapema, yapo yanayotoza ada ya ziada, na yapo yasiyobeba kabisa. Tukichanganya mashirika mawili, la pili linaweza kulikataa sanduku ambalo la kwanza lililipokea. Tukanunua tiketi za moja kwa moja, Nairobi hadi London, na kabla ya kulipa tuliomba idhini ya shirika kwa maandishi. Simu haitoshi. Anayekuambia kwenye simu kwamba hakuna shida hatakuwepo kaunta usiku wa safari.

Kufunga sanduku ni kazi ninayoifanya peke yangu, mlango umefungwa na simu iko chumba kingine. Sanduku ni la plastiki ngumu, lina bawaba za chuma na sponji nene iliyokatwa kufuata umbo la bunduki. Kwanza natoa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba na kubeba pini ya kuipiga. Bila bolti, bunduki ni bomba na ubao. Natazama ndani ya chemba, kisha napenyeza kidole kidogo kuhakikisha, maana macho huzoea. Nainua mtutu kuelekea dirishani mpaka nione duara la mwanga upande wa pili. Napitisha bendera ndogo ya plastiki ya rangi ya machungwa kwenye chemba, ili yeyote atakayefungua aone kwa mtazamo mmoja kwamba hamna kitu. Bolti inakaa kwenye kitundu chake cha sponji ndani ya sanduku hilo hilo. Haiingii kamwe kwenye mkoba wa mkononi, maana kipande cha silaha nacho huhesabiwa silaha. Nafunga makufuli, natikisa, najaribu kupenyeza vidole kwenye ukingo. Sanduku likiachia hata upenyo wa kidole, si la safari.

Jaketi ya kulengea na glavu naziweka kwenye begi kubwa la kupakiwa, kwa sababu hubeba chembe za baruti, na vile vitambaa wanavyopangusia mizigo uwanjani hunusa chembe hizo. Mwenzetu mmoja aliwahi kucheleweshwa kwa ajili ya glavu tu.

Risasi hatukubeba hata moja. Katika mashindano ya Bisley tunayoshiriki, waandaaji ndio hugawa risasi uwanjani, ili wote wapige za aina moja. Ni nafuu kubwa kwa msafiri. Anayekwenda kwingine na risasi zake ajue kwamba kanuni za kimataifa za mizigo hatari humruhusu abiria, kwa idhini ya shirika, si zaidi ya kilo 5 pamoja na kifungashio chake, za matumizi yake mwenyewe, zikiwa zimepangwa zisigongane. Kwa risasi za 7.62 hizo ni kama 200 hivi kabla hujahesabu boksi. Wawili hawaruhusiwi kuunganisha vipimo vyao katika boksi moja, na risasi zinazolipuka au za moto hazipandi ndege ya abiria kabisa.

Jomo Kenyatta tulifika mapema mno kwa macho ya dereva wetu. Kwenye ukaguzi wa kwanza, mzee alitangulia. Alimsogelea askari, akasalimia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Afande, sisi ni timu ya shabaha. Tuna bunduki, zimefungwa, na vibali ni hivi hapa." Alisema hivyo kabla sanduku halijagusa mkanda. Huo ndio ustaarabu wote wa kusafiri na silaha: useme wewe kabla mashine haijasema. Mashine ikitangulia, unakuwa mtu aliyekamatwa na silaha. Ukitangulia wewe, unakuwa abiria aliyeileta mbele.

Tulipelekwa ofisi ya polisi wa uwanja. Afisa wa zamu alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri. Hakuligusa sanduku langu.

"Dada, naomba ufungue mwenyewe, uelekeze mtutu ukutani."

Nikafungua. Nikamwonyesha bolti kwenye kitundu chake, nikachomoa bendera. Akawasha tochi ya simu akamulika ndani ya chemba, akainama kutazama, akasema, "Iko wazi, asante." Kisha akaniomba nisome nambari iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, naye akiifuata kwa kalamu kwenye cheti changu, kibali cha kutoka Kenya, kibali cha polisi wa Uingereza, na fomu iliyochapishwa kaunta na shirika la ndege. Karatasi tatu zikakubaliana. Kwenye ya nne kalamu ikasimama. Mhudumu aliyeijaza alikuwa ameandika 3 mahali pa 8.

Tulirudi naye hadi kaunta. Mhudumu, aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, alisema mfumo umeshakubali na tofauti ni tarakimu moja tu. Afisa hakupandisha sauti. "Mfumo hautaulizwa London," alisema. "Atakayeulizwa ni huyu dada." Fomu ikafutwa, ikachapishwa upya, ikasomwa tena. Kazi nzima ilichukua muda mfupi, lakini bila afisa yule ningefika ng'ambo na silaha ambayo kwa maandishi si yangu. Niliwahi kudhani ukaguzi upo kuwalinda wengine dhidi yangu. Usiku ule ulinilinda mimi. Aliweka sahihi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na masanduku yetu yakaondoka yakisindikizwa, nje ya njia ya mizigo ya kawaida. Ufunguo ulibaki kwangu.

Ndani ya ndege sikulala haraka. Tulipokuwa tukielekea kaskazini niliifikiria Entebbe, iliyo karibu sana nasi hapo Uganda. Juni 1976 watekaji walipanda ndege ya Air France huko Athens wakiwa na bunduki na mabomu ya mkono, wakaigeuza, na siku iliyofuata abiria wakajikuta ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika sakata lililoisha kwa vifo. Nilikuwa nimeketi katikati ya akina mama wenye watoto, wanafunzi na wazee waendao kuwaona wajukuu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba chini ya miguu yao kulikuwa na bunduki. Waliweza kusinzia kwa sababu watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameijibia. Anayependa mchezo huu lazima apende pia usingizi wa abiria wenzake.

Heathrow masanduku ya bunduki hatukuyasubiri kwenye mkanda unaozunguka. Tulichukua mabegi ya nguo, tukaomba kuelekezwa, na bunduki zikaletwa kwa mikono. Njia ya kijani si yako ukiwa na silaha. Tulipita ya nyekundu, ya wenye kitu cha kutangaza. Afisa wa mpakani alikuwa bwana wa makamo aliyewahi kuona timu nyingi za Bisley. Alilinganisha nambari na kibali, akafika kwenye tarakimu ile ile ya 8, akaendelea bila kusita. Moyoni nilimshukuru dada wa Nairobi. Swali lake la mwisho lilikuwa la mzee wetu: zinalala wapi leo? Mzee akamwonyesha barua ya klabu yenye chumba cha silaha. Akatutakia upepo mwema.

Bisley yenyewe ilinikaribisha kwa nyumba za mbao zenye varanda, nyasi zilizokatwa fupi, na bendera za kupimia upepo zilizopangwa hadi mwisho wa uwanja. Kwenye kambi hiyo mtu mwenye bunduki begani hashtui mtu, lakini kila bunduki huwa bolti imetolewa au iko wazi mpaka amri itolewe kwenye mstari. Hatua ya kwanza ya shindano kuu, Zawadi ya Mfalme, hupigwa kutoka yadi 300, 500 na 600, risasi saba kila umbali, na alama za juu kabisa ni 105. Mia tatu bora huendelea, kisha mia moja kati yao huingia fainali ya yadi 900 na 1,000, ambako shabaha iko mbali zaidi ya mita 800 na upepo unaweza kuibeba risasi kando zaidi ya upana wa mtu. Mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kulitwaa shindano hilo. Nililala kwenye mkeka nikiwa na jina lake kichwani, nikapiga alama ambazo klabu yetu ilizipokea kwa furaha, na nikajua kazi iliyobaki.

Jioni za varanda ndizo zilizonifundisha mengine kuhusu safari. Mama mmoja wa Afrika Kusini alitueleza fomu ya polisi wao, SAPS 520, ambayo mgeni huijaza kwa wino mweusi na kutia sahihi mbele ya afisa, si nyumbani. Tuliiandika, kwa kuwa tunatamani kwenda huko. Kijana wa Marekani alisema kwao, kwa safari za ndani, huhitaji kuomba idhini ya mapema: unaitangaza bunduki kaunta, ikiwa haina risasi, ndani ya sanduku gumu lililofungwa, na ufunguo unabaki kwako. Tulipomsifia urahisi huo, alitikisa kichwa. Mwaka 2023 maafisa wa TSA, wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya kwao, walikamata bunduki 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria, nyingi kabisa zikiwa zimejazwa risasi, mikobani mwa watu waliosema wamesahau.

Sina haja ya kumhukumu mtu. Lakini bunduki iliyosahauliwa ni bunduki isiyo na mwenyewe, hata ikiwa ndani ya mkoba wake. Hakuna sheria ngumu inayoweza kuchukua nafasi ya mtu anayejua, kila saa, chuma chake kiko wapi na kina nini ndani.

Kurudi kulikuwa njia ile ile kinyumenyume, na hapo wengi hulegea kwa uchovu. Tulitangaza tena Heathrow, tukafungua tena, tukasoma nambari tena. Nairobi tulikwenda wenyewe kwa polisi na forodha kuthibitisha kwamba kilichotoka ndicho kilichorudi, tukapigiwa mihuri, kisha tukairudishia Bodi taarifa. Kibali cha kutoka ambacho hakijafungwa kwa ushahidi wa kurudi ni deni, na hulipwa na timu itakayofuata.

Nina maombi kwa wenye mamlaka katika mchezo wetu. Maelekezo ya kusafiri na bunduki ya michezo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na yapatikane katika kila klabu, yasibaki vichwani mwa wazee wachache. Wahudumu wa kaunta wafundishwe fomu hizi kabla ya msimu wa Julai, na maafisa waangalifu kama yule dada watambuliwe na wakubwa wao. Na kijana anayetaka kwenda, aanze karatasi miezi kadhaa mapema, aijue nambari ya bunduki yake kwa moyo, aseme ukweli katika kila kaunta kabla hajaulizwa, na asiliache sanduku liondoke machoni pake mpaka ajue jina la aliyelipokea.